Mazda RX-8: Stelingi ya Umeme Inapokuwa Nzito, Inapovuta au Inapowasha Taa

Fungua boneti ya Mazda RX-8 utafute chupa ya mafuta ya stelingi: haipo. Hakuna pampu, hakuna mkanda wa kuizungusha, hakuna paipu za kuvuja. Kinachoisaidia mikono ya dereva ni mota ya umeme iliyofungwa kwenye reki yenyewe (fimbo yenye meno inayogeuza magurudumu ya mbele), nayo inaamriwa na kompyuta yake. Fundi anayetaka kuongeza mafuta ya stelingi kwenye gari hili hajalijua bado, na anayetamka "reki imekufa" kabla hajatoa mita ameanza kazi kutoka mwisho.

RX-8 ilitengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012. Hata iliyo changa kuliko zote imeshapita miaka kumi, na nyingi zinazotembea Nairobi na Dar es Salaam zilikuja zikiwa zimetumika Japani. Katika umri huo betri, ethi (njia ya hasi kupitia bodi ya gari) na soketi huchoka mapema kuliko reki. Reki ni ghali, huwa imetoka kwenye gari lililochinjwa, na kuifunga ni kazi ya siku nzima. Kusafisha soketi ni kazi ya saa moja. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: kwanza kinachoharibika mara nyingi na kurekebishika kwa bei ndogo.

Mfumo unavyofanya kazi

Ukizungusha usukani, kijiti chembamba ndani ya shina la reki hujisokota kidogo. Sensa ya msokoto huupima mkunjo huo na kupeleka volti kwa kompyuta ya stelingi. Kompyuta hutazama mambo mengine mawili: injini inazunguka au la, na gari liko kwenye kasi gani. Kisha huipa mota umeme. Wakati wa kuegesha huipa mwingi. Barabara kuu huupunguza, ili usukani usiwe mwepesi kupita kiasi.

Kutokana na hapo yanafuata mambo ambayo wengi huyachukulia kuwa ubovu. Injini ikiwa imezimwa, usukani ni mzito, na ndivyo inavyotakiwa. Injini ikizimika ghafla njiani, msaada unaondoka lakini usukani bado umeungana na matairi kwa chuma, kwa hiyo gari linaelekezeka kwa nguvu za mikono. Na unapoegesha, kasauti kembamba ka mota kunguruma si ugonjwa.

Hatua nyingi zilizomo humu zinafaa pia kwa Honda S2000, ambayo nayo ina mota kwenye reki. Haziifai Toyota MR-S: ile ina pampu ya umeme inayosukuma mafuta, na kwake chupa ipo na uvujaji upo.

Kabla ya umeme, hakikisha si chuma

Nyanyua mbele yote, weka stendi chini ya fremu (usitegemee jeki), funguo ikiwa imefungua usukani lakini injini imezimwa. Zungusha taratibu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Ni karibu mizunguko 3. Utahisi uzito kidogo wa kuiburuta mota, lakini uwe uzito wa aina moja mwendo wote. Ukikuta sehemu inakaza kisha inaachia kila nusu mzunguko, tazama krosi (kiungo kinachopinda) ya shina la usukani: huenda imeshika kutu. Ukikuta uzito mkubwa kila mahali, chomoa tairodi endi zote mbili (ncha za fimbo zinazounganisha reki na magurudumu) ujaribu tena. Usukani ukiwa mwepesi sasa, mara nyingi tatizo ni boljointi (viungo vya duara) za mikono ya chini, zilizokauka grisi baada ya mpira wake kupasuka na kuingiza maji. Hizo ni udhaifu unaojulikana wa gari hili, na zikiwa kavu zinaweza kukatika, kwa hiyo usiziache hata kama stelingi itapona kwa njia nyingine.

Tairi pia zitazamwe. Kwa tairi za inchi 18, 225/45, upepo ni psi 32 zikiwa baridi. Zikishuka hadi 22 utadhani mota imekufa, hasa kwenye sakafu ya saruji.

Nzito, na taa inawaka

Hapa ndipo penye kazi nyingi, kwa hiyo tukae napo.

Taa ya stelingi inapowaka, kompyuta imeona jambo ambalo hailiamini na imekata msaada kwa makusudi. Mara nyingi jambo lenyewe ni volti ndogo. Mota ya stelingi ni mlaji mkubwa: unapopinda gari likiwa limesimama inaweza kuvuta ampea 60 au zaidi kwa sekunde chache. RX-8 ina bahati mbaya ya ziada. Injini ya rotari iliyopungua kompresheni huchukua muda mrefu kuwaka, na ikifurika petroli mwenyewe huzungusha stata dakika nzima. Betri inaingia barabarani ikiwa nusu, alternata bado inajitahidi kuijaza, na dereva anaanza kupinda kutoka kwenye maegesho akiwa na taa na feni vimewashwa. Volti inaanguka, kompyuta inakata, taa inawaka. Ukizima na kuwasha baada ya safari, kila kitu kiko sawa. Watu huishi na hali hii miezi wakidhani ni "kompyuta inachanganyikiwa".

Pima hivi, kwa mfuatano huu:

1. Gari likiwa limelala usiku kucha, weka mita kwenye nguzo za betri zenyewe, siyo kwenye vibanio. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 ni karibu nusu. Chini ya hapo ijaze kwanza kabla ya kuendelea na kipimo chochote.
2. Mtu apige stata. Betri nzima haitashuka chini ya volti 9.6. Ikishuka, ibadilishe.
3. Injini ikiwaka na kutulia kwenye mizunguko ya karibu 800 kwa dakika, utarajie kati ya 13.8 na 14.5.
4. Washa taa kubwa na feni ya ndani, kisha msaidizi azungushe usukani hadi mwisho huku na huku. Namba itacheza, ikienda chini ya 12.5 na kubaki huko, shughulika na alternata, mkanda wake au uzungukaji wa injini.

Injini inayotikisika na kushuka hadi mizunguko 500 kila ukipinda haitaiacha stelingi salama. Hapo tiba ni koili, plagi au kompresheni, si reki.

Ikiwa volti za betri ni nzuri, bado hujajua kama zinafika. Fuata nyaya mbili nene zinazoingia kwenye kompyuta ya stelingi. Weka ncha nyekundu ya mita kwenye nguzo ya chanya ya betri, ncha nyeusi kwenye waya mnene wa chanya pale unapoingia kwenye kompyuta, na msaidizi apinde usukani injini ikiwa inanguruma. Mita sasa haionyeshi volti za betri. Inaonyesha volti zinazopotea njiani. Zikizidi 0.5, kuna mahali panapokula umeme. Rudia upande wa ethi: kutoka nguzo ya hasi hadi waya mnene wa hasi wa kompyuta. Huko usikubali zaidi ya 0.2.

Kwa nini kipimo hiki, na si kile cha kuzima gari na kupima omu (ukinzani wa waya)? Chukua muungano mmoja wenye omu 0.05. Mita ya kawaida ya gereji haiwezi kuitofautisha na sifuri. Lakini pitisha ampea 60 hapo: volti 3 zimepotea, na wati 180 zinageuka joto ndani ya kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha. Ndiyo maana unakuta plastiki ya soketi imekuwa rangi ya chai na waya unanuka, huku mita ikiendelea kusema "waya ni mzima".

Ukipata upotevu, sogeza ncha moja ya mita kidogo kidogo kuelekea betri: baada ya soketi, baada ya fyuzi kubwa, kwenye kibanio. Mahali namba inapodondoka ghafla ndipo penye ubovu. Fyuzi kubwa ya stelingi imo kwenye boksi la fyuzi la chumba cha injini, na ramani yake iko kwenye mfuniko. Usiitazame tu kwa macho; pima pande zake zote mbili wakati usukani unapindwa. Kama imekatika, uliza nani aliunganisha jampa mara ya mwisho, maana chanya na hasi zikibadilishwa hata mara moja, fyuzi kubwa ndizo za kwanza kuondoka. Magari yenye muziki mkubwa yaangaliwe kwenye kibanio cha hasi: waya wa amplifaya ukibanwa juu ya waya wa ethi wa gari, ule wa gari hulegea.

Inakuja na kuondoka

Leo nzito, kesho nyepesi. Inazidi baada ya mvua au baada ya kuosha injini kwa mashine ya presha. Huu ni wimbo wa soketi, na kwa RX-8 soketi za kutilia shaka kwanza ni zile za kwenye reki: moja nene ya mota na nyingine ndogo ya sensa ya msokoto. Ziko chini, zinapigwa na maji ya barabarani, na kwenye magari ya Mombasa, Tanga au Zanzibar chumvi ya hewani huharakisha mambo.

Chomoa hasi ya betri. Toa kava la plastiki la chini. Fungua soketi moja moja kwa kubonyeza kilimi chake. Usiivute kwa waya. Itazame kwa tochi. Pini nzima inang'aa. Unga wa kijani au mweupe ni kutu. Weusi na plastiki iliyojikunja ni joto.

Kutu nyepesi inatoka kwa dawa ya kusafishia kontakti na mswaki laini. Usitumie msasa kwenye pini ndogo za sensa: zimepakwa tabaka jembamba sana la madini, na ukilikwangua kutu inarudi baada ya wiki chache ikiwa mbaya zaidi. Acha zikauke kabisa, dakika 20 au upulize kwa kompresa ya upepo. Halafu ingiza pini moja ya kiume, iliyotoka kwenye soketi chakavu ya aina ileile, ndani ya kila tundu la kike. Inatakiwa ishike kidogo unapoichomoa. Ikidondoka yenyewe, tundu limepanuka, na hakuna dawa itakayolisaidia, badilisha terminali (kipande cha chuma cha mwisho wa waya). Paka grisi ya silikoni kidogo kwenye mpira wa kuzuia maji, siyo kuijaza soketi nzima, na uchomeke hadi usikie kilimi kimebana.

Pini iliyoungua haisafishwi. Kata, weka terminali mpya ya unene uleule, ibane kwa koleo lake. Risasi ya kulehemu peke yake kwenye waya wa ampea 60 italainika.

Baada ya kurudisha betri, taa ya DSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza) inaweza kubaki inawaka na kuwatisha watu. Washa injini, zungusha usukani hadi mwisho wa upande mmoja, kisha hadi mwisho wa pili, urudishe katikati. Hiyo ni sensa ya pembe ya usukani ikitafuta upya katikati yake. Haihusiani na ugonjwa uliokuwa unautibu.

Nzito, taa haiwaki

Zungusha usukani hadi mwisho mara nyingi mfululizo, kama anayejifunza kuegesha, na mota itapata joto. Kompyuta hupunguza umeme polepole ili isiiunguze. Hakuna taa, kwa kuwa hakuna kilichoharibika. Acha dakika 10 hadi 15 na nguvu inarudi. Ikiwa hali hii inatokea baada ya kupinda mara mbili tu, basi mota inafanya kazi ya ziada kusukuma chuma kinachokaza. Rudi kwenye jaribio la kunyanyua mbele.

Nzito wakati wa kuegesha tu, lakini kwenye mwendo ni kawaida kabisa: kompyuta huenda haipati taarifa ya kasi, nayo kwa usalama inachagua msaada mdogo wa barabara kuu. Tazama kama sindano ya kasi nayo inasita au taa ya ABS imewaka. Sensa ya gurudumu iliyokatika waya inatosha kuleta hayo.

Inavuta upande mmoja

Hapa tunaomba usiendeshe. Stelingi iliyokosa msaada inachosha. Stelingi inayosukuma upande usiotakiwa inaua.

Tofautisha kwanza na alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu). Magurudumu yakiwa hewani, usukani ukiwa katikati, washa injini bila kuugusa usukani. Gari lenye alaimenti mbovu halitafanya kitu. Usukani ukijizungusha wenyewe, au ukiwa mwepesi kulia na mzito kushoto, sensa ya msokoto inadanganya au katikati yake imepotea.

Katika mifumo mingi ya aina hii sensa hulishwa volti 5 na kutoa ishara mbili zinazopingana: mikono ikiwa mbali na usukani, zote ziko karibu na 2.5, ukisukuma upande mmoja, moja inapanda na nyingine inashuka kwa kiasi kilekile. Jumla yao hubaki karibu na 5. Chomeka sindano nyembamba kwa nyuma ya soketi, bila kutoboa ngozi ya waya, na usome zote mbili huku msaidizi akisukuma taratibu kila upande. Ishara inayoruka, inayoganda, au isiyorudi kwenye 2.5 ndiyo yenye kesi. Lakini pima kwanza ile 5 ya kulisha na ethi yake ndogo, kwa sababu ethi yenye kutu huzipotosha ishara zote mbili kwa pamoja na kukufanya uilaumu sensa.

Sensa ikiwa nzima, iweke katikati upya kwa mashine ya kompyuta: gari kwenye sakafu tambarare, magurudumu yamenyooka, mikono mbali na usukani. Kisomaji cha bei rahisi kinachoonyesha misimbo ya injini tu hakitafika huko. Programu ya FORScan inazifahamu Mazda, ikipata adapta nzuri.

Milio

Mgongano mmoja mkavu, "ko", unapogeuza mwelekeo gari likiwa limesimama: shika shina la usukani karibu na krosi huku msaidizi akicheza usukani kidogo huku na huku. Kama mkono unahisi kugongana, ni krosi. Kama hauhisi, nenda kwenye bushi za reki, kisha reki endi (kiungo cha mwisho wa reki) ndani ya mpira wake. Mlio wa kusaga unaofuata mzunguko wa mota, na unaopotea ukichomoa soketi ya mota (injini ikiwa imezimwa wakati wa kuchomoa), unatoka kwenye mota au meno yake.

Mota na kompyuta, mwisho wa foleni

Betri nzuri, waya hazipotezi volti, sensa inasoma sawa, na bado hakuna msaada? Zungushia mita ya klampu ya umeme wa DC kwenye waya mnene wa mota. Pinda kushoto, pinda kulia. Ampea zinatakiwa kupanda kwa kiasi kinachokaribiana pande zote. Zikipanda sana bila usukani kulainika, mota inapambana na kitu kilichokwama au imeungua ndani. Zikibaki sifuri, ama brashi za mota hazigusi, ama kompyuta haitoi. Brashi zilizokwisha hujitaja zenyewe: msaada unapotea usukani ukiwa mahali fulani, unausukuma kidogo kwa nguvu, unarudi.

Kompyuta ihukumiwe mwisho, baada ya kuthibitisha inapata chanya nene, ethi, umeme wa swichi, ishara ya injini kuzunguka na ishara ya kasi. Ukiifungua ukakuta alama ya maji au risasi iliyopasuka kwenye miguu ya rilei, fundi wa saketi anaweza kuiokoa. Muulize pia mwenye gari kama bodi ilichomelewa karibuni bila kuchomoa betri na soketi za kompyuta.

Ukilazimika kununua reki ya mtumba

Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi), nenda na multimita na picha za soketi zako. Reki iwe ya gari la usukani wa kulia, na kama inawezekana ichukuliwe na kompyuta yake kutoka gari lilelile. Zungusha shina kwa mkono mwendo wote: ulaini uwe sawa, hasa katikati, ambako meno hutumika zaidi. Finya mipira ya pembeni. Ukisikia maji ndani, iache.

Siku ya kuifunga, nyoosha magurudumu, toa funguo ili usukani ujifunge, na uufunge pia kwa mkanda. Weka alama ya rangi kwenye krosi na kwenye shina kabla ya kuachanisha. Usukani ukizunguka wenyewe wakati reki iko chini, utepe wa umeme wa eabegi ulio ndani yake utakatika, nawe utakuwa umebadilisha tatizo moja kwa jingine. Rudisha alama mahali pake, weka sensa katikati kwa kompyuta, fanya alaimenti, kisha rudia kile kipimo cha volti zinazopotea kwenye nyaya mbili nene. Andika namba ulizopata kwenye karatasi na uiache kwenye dashibodi. Fundi wa mwakani ataanzia hapo.